Kwenye ndege ndogo, usilale inaposhuka

Kazi hunipeleka Mafia na Pemba kwa zile Cessna Caravan za injini moja, abiria kumi na wawili hivi, na ukibahatika unawekwa kando ya rubani. Wenzangu wengi huogopa kuruka. Mimi huwa macho zaidi tunaposhuka: ndege iko chini, mwendo umepunguzwa, na likizuka jambo rubani hana nafasi kubwa ya kujiokoa.

Bukoba tuliona. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani walikuwamo watu 43. Walifariki 19, wakiwamo marubani wote wawili, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao.

Basi ndege ikianza kushuka, hakikisha umevaa viatu na umetoa vile vidude vya muziki masikioni. Mkanda uukaze chini kwenye nyonga, sio juu ya tumbo. Na uujue kuufungua. Wa gari unabonyezwa, wa ndege unanyanyua kile kibati cha juu; mtu akishikwa na hofu, kidole hutafuta kitufe ambacho hakipo. Mimi huufunga na kuufungua mara mbili tatu kabla hatujaondoka, jirani acheke tu.

Mlango nao uutazame wakati wa kupanda. Wa abiria kwenye Caravan uko nyuma kulia, nusu hufunguka juu na nusu hushuka na ngazi. Hesabu viti kutoka chako hadi pale kwa kuvigusa, maana kwenye moshi au maji macho hayasaidii. Begi liache.

Ikibidi kutua majini, jaketi okozi livae, ila usilijaze upepo mpaka uwe nje. Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na Komoro. Kuna abiria waliokuwa wameshajaza majaketi yao. Maji yalipoingia yaliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Hili hutangazwa kila safari, na kila safari watu wanachezea simu.

La mwisho wengi hawalipendi. Safari moja tulikuwa tumeshaukaribia uwanja wa Kilindoni kule Mafia, mvua ikaufunga mbele yetu. Rubani akaongeza nguvu, tukapanda tena, tukazunguka juu ya bahari mpaka wingu likapita. Huko nyuma manung'uniko: huyu ana kikao, yule boti inamsubiri. Mwacheni rubani! Caravan haina ukuta wa kumtenga na abiria, na aliyekaa kiti cha mbele anaweza hata kumgusa bega. Huyo hasa ndiye anayepaswa kunyamaza. Mwenye kikao ampigie mwenyeji wake kabla ya kuondoka Dar, amwambie huenda akachelewa.