Kabla ya kushika penseli, watoto wasimuliane

Kwa miaka mingi niliamini watoto wangu wa Darasa la Tatu hawana cha kuandika. Nikiwapa kichwa cha insha, "Likizo Yangu", madaftari yanarudi na mistari ileile minne: nilicheza, nilimsaidia mama, nilikula, nililala. Nasahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka usiku, wiki inayofuata yanarudi vilevile.

Nilifumbuka macho msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, Novemba, huku kwetu Kagera. Mtoto mmoja mkimya alikuwa anamsimulia mwenzake wa dawati jinsi senene walivyoshuka usiku kwenye taa ya dukani, watu wakatoka mbio na ndoo, kisha nyumba nzima ikakesha kuwanyonyoa mbawa na miguu. Nikamwambia aandike hayohayo. Akaandika: "Tulikula senene. Walikuwa watamu." Nilipomuuliza mbona kunyonyoa hakumo, akanong'ona: "Sijui kuliandika, mwalimu."

Kumbe hadithi anayo, tena tamu. Alikuwa anachagua maneno ambayo kalamu yangu nyekundu haiwezi kuyagusa. Iliniuma sana, maana woga ule niliupanda mimi.

Sasa kila siku tukitoka mapumziko, dakika 15 za kwanza ni za kuandika. Hazihamishwi, hata wiki ya majaribio. Mtoto akishajua saa hiyo ipo, huanza kuiwazia njiani akija shule.

Dakika tatu za mwanzo hakuna anayeshika penseli. Wanasimuliana wawili wawili, na anayesikiliza lazima aulize swali moja: "Halafu ikawaje?" au "Alikuwa amevaa nini?" Hapa ndipo pa kuweka nguvu, wenzangu. Watoto hawa wamelelewa kwenye masimulizi. Ukisema "Hadithi hadithi", darasa zima linaitika. Lile swali la jirani ndilo linalozaa mstari wa tano na wa sita. Wakikwama huingiza Kihaya, nami nawaacha. Wanatafuta jambo lenyewe kwanza, neno la Kiswahili tutalipata. Kelele zipo, ndiyo. Nina watoto 81 katika chumba kimoja, wakati uwiano wa Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nikinyoosha mkono juu wananyamaza, lakini kuwazoesha hilo kulinichukua karibu mwezi mzima, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza.

Kisha wanaandika kimya. Neno usilolijua liandike unavyolisikia, lipigie mstari chini, songa mbele. Kufuta na raba ni marufuku dakika hizo, maana wapo watoto waliokuwa wanatoboa karatasi kwa kufuta neno moja. Mimi napita katikati ya madawati nikichungulia yale yaliyopigiwa mstari, nachagua matano, nayaandika ubaoni. Hayo ndiyo imla ya Ijumaa. Juma lile la senene tulikuwa na "kunyonyoa", "ng'ang'ania" na "kumulika", na walijifunza haraka kuliko maneno yoyote niliyowahi kuwapa kutoka kitabuni, kwa sababu walikuwa na haja nayo.

Kuhusu kusahihisha: nasahihisha jambo moja kwa wiki. Wiki hii nukta na herufi kubwa, wiki ijayo "r" na "l", ambazo huku kwetu zinawasumbua wengi. Kila siku nachukua madaftari ya safu moja ya madawati na kuandika chini swali moja kuhusu kisa chenyewe. Mwalimu mkuu au mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, asije akaona hufanyi kazi. Tenga daftari dogo la kuandikia, na la mazoezi lisahihishwe lote kama kawaida. Mweleze mapema, kabla hajalifungua mwenyewe.

Ijumaa, baada ya imla, watoto watatu husoma mbele. Wa senene alikataa Ijumaa mbili. Ya tatu alikuja na ukurasa mzima, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye kunyonyoa alisimama, akaliangalia neno, akalisoma lote. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Ndoo yenu ilijaa?"

Akarudi kwenye dawati lake, akachukua penseli.