"Klorini huzibua utando": je, ni sahihi?

Msomaji anayefasiri mwongozo wa mtambo wa kusafisha maji ya kunywa anauliza kama anaweza kuandika kwamba "klorini inayotiwa kwenye maji ghafi huzibua utando wa kuchujia", na kama "kuoksidisha" ni sawa na "kutia oksijeni".

Sentensi yake haina kosa la sarufi, ila inaeleza kazi nyingine. Zibua iko katika kauli ya kutendua, kama fungua na kunjua, na kauli hiyo hudai kwamba hali inayotenduliwa ilikwisha kuwapo: hakizibuliwi kisichoziba. Dawa inayotiwa kwenye maji ghafi hukutana na uchafu kabla haujaufikia utando, ambao vitundu vyake mara nyingi ni vidogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hapo huzivunjavunja molekuli kubwa zitokanazo na mimea iliyooza, na chuma kilichoyeyuka hukigeuza chembe ngumu zinazoweza kutuamishwa mapema. Kwa hiyo aandike "hupunguza kuziba kwa utando". "Huzuia" ningeliepuka, kwa sababu linaahidi mno: dozi ikizidi kwenye maji yenye mwani, seli hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, na utando unaweza kuziba upesi zaidi kuliko kama dawa isingetiwa. Fundi anayesoma mwongozo anastahili neno lisilomdanganya.

Zibua lina mahali pake, nalo asilitupe. Utando uliokwisha kuziba, ambao hata kusukumiwa maji kinyumenyume hakujausafisha, hulowekwa kwenye dawa, na klorini ikitumika hapo basi kweli inazibua. Hata hivyo ataje aina ya utando, maana ule wa poliamidi, aina ya plastiki, huharibiwa na klorini.

Kuhusu swali la pili, "kutia oksijeni" hakufai. Kuoksidisha, kwa maana ya kikemia, ni kukinyang'anya kitu elektroni, na klorini hufanya hivyo ingawa yenyewe ni elementi nyingine kabisa. Pamanganeti ya potasiamu nayo huoksidisha bila mtu kupuliza oksijeni majini. Mtambo unaopuliza hewa kwenye maji ya kisima ili kuondoa chuma ndio unaotia oksijeni, na mfasiri akilitumia neno moja kwa kazi zote mbili, msomaji wake anaweza kufungua vali isiyohusika.