Upupu: mwasho wake na dawa yake

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mwanangu aliingia kichakani nyuma ya mikarafuu, akarudi akijikuna hadi kutoka damu kwa sababu ya upupu. Bibi yake anasema upupu huohuo ukichanganywa na asali hutoa minyoo, na jirani yetu humsagia mbegu zake mumewe anayetetemeka mikono. Je, ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Pole kwa mtoto. Mwasho huo hutokana na vinyweleo vya kahawia vinavyofunika maganda ya upupu, ambavyo huchoma ngozi na kuitia kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Kujikuna huvizamisha zaidi. Siku nyingine mvue nguo, ubandike selotepu pale panapowasha na kuibandua mara kadhaa, kisha ndipo umwoshe kwa maji mengi na sabuni, naye asiguse macho.

Neno la bibi lina asili yake, kwani hata Karibi na Uingereza zamani watu walimeza vinyweleo hivyo ndani ya asali au shira ili kutoa minyoo. Hata hivyo, nakusihi usimpe mtoto kitu kinachoweza kumuwasha kooni, ilhali vidonge vya minyoo vinapatikana.

Kuhusu mbegu, jirani yako hakubuni. Waganga wa Kihindi wamezitumia tangu kale, na mwaka 1937 wataalamu wa India walitoa ndani yake levodopa, kemikali ileile ambayo leo ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono na kukaza viungo. Hatari imo katika kipimo: kidonge cha hospitali hupimwa kwa miligramu, lakini mbegu hazilingani nguvu, na ikizidi huleta kichefuchefu, kizunguzungu, hata kuona yasiyokuwepo. Ndugu zetu wa Nampula, Msumbiji, ambao huzichemsha mbegu hizi mara nyingi na kumwaga maji kabla ya kuzila, walipatwa na wazimu wa ghafla mwaka 1989, wakati wa ukame, maji ya kumwaga yalipokosekana.

Isitoshe, si kila mtetemeko ni Parkinson. Kwa hiyo mwambie jirani, kwa upole, ampeleke mumewe kwa daktari akiwa na unga huo mkononi na aseme wazi kiasi anachompa. Na kama mzee tayari anameza vidonge vya hospitali, asiviache ghafla wala asivichanganye na unga huo kabla daktari hajaamua.