Nina aleji kali ya karanga na nasafiri nje, sindano niiweke begi gani?

Swali: Habari dokta. Nina aleji kali ya karanga, ilishawahi kunilaza hospitali. Karibuni nasafiri nje ya nchi, ndege ya masaa mengi na lugha ya huko siijui. Nimeandikiwa sindano mbili za adrenalini zile za kujichoma mwenyewe. Naogopa sekyuriti watanisumbua, je nikiziweka kwenye begi kubwa la kwenda chini ya ndege, mkononi nikabaki na vidonge vya aleji, itakuwa sawa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, hapo umegeuza mambo. Sindano zote mbili zinakaa kwako, na sio kule juu kwenye kabati la mabegi, weka kwenye kipochi kidogo ambacho mkono unakifikia hata ukiwa umefunga mkanda. Begi la chini linaweza kupotea au kuchelewa, na hata lisipopotea huwezi kulifikia mkiwa hewani. Af adrenalini haipendi baridi kali wala joto kali, inatakiwa kama nyuzi 20 hadi 25, kwa hiyo usiigandishe na usiiache kwenye gari lililopaki juani. Ukiona dawa kwenye kidirisha imegeuka rangi ya kahawia tafuta nyingine.

Sekyuriti wala wasikutishe, hizi wanaziona kila siku. Ziache kwenye boksi lake lenye lebo ya famasi na uwe na barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na iandikwe adrenalini na pia epinefrini, manake Marekani wanatumia hilo la pili.

Vidonge vya aleji vinasaidia kuwashwa na vipele basi. Koo likianza kubana, kifua kikibana, au presha ikishuka ukaona kizunguzungu, kidonge hakikuokoi, na watu wengi wanaharibikiwa hapo hapo, anameza kidonge halafu anasubiri aone kama kitafanya kazi. Choma mapema. Ni paja upande wa nje, katikati, hata juu ya suruali sawa tu, shikilia sekunde kama maelezo ya sindano yako yanavyosema, kisha lala chini miguu juu (kama pumzi inabana kaa umenyoosha miguu). Usisimame, usiende chooni kutapika, kusimama ghafla kunaweza kuua. Dakika 5 zikipita hujapata nafuu choma ya pili, ndo maana mnapewa mbili. Ambulensi iitwe hata kama umeshapata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi baada ya masaa kadhaa, kwa hiyo hospitali wakisema kaa tukuangalie, kaa. Namba ni 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani, 119 Japani, kwingine ulizia kabla hujaondoka.

Kwenye ndege waambie wahudumu mapema, na ukifika kwenye siti futa meza na mikono ya kiti kwa kitambaa chenye maji, manake hatari kubwa ni mabaki kuingia mdomoni kupitia vidole kuliko ile harufu ambayo watu wanaiogopa sana. Chakula beba chako.

Kwa kuwa lugha huijui, tengeneza kadi kwa lugha ya huko, iandikwe na mtu anayeiongea kabisa. Isiishie kwenye "sili karanga", maana mpishi ataondoa zile zinazoonekana juu akakuletea sahani ileile. Itaje siagi ya karanga, mafuta yake, unga wake, sosi, na kikaango au mafuta yaliyokwisha kaangia kitu chenye karanga. Mpe mpishi mwenyewe, na akikujibu haraka haraka bila hata kuisoma mimi ningeondoka.

Vya pakiti soma lebo kila unaponunua. Umoja wa Ulaya wana vitu 14 vya aleji ambavyo lazima vitajwe, Marekani ni 9 tangu ufuta uongezwe mwaka 2023, karanga imo kote kuwili. Ila yale maneno ya "huenda ikawa na mabaki ya karanga" kampuni hailazimishwi kuyaandika, kwa hiyo yasipokuwepo usihesabu kwamba kiwanda hakina karanga.

Na angalia tarehe ya mwisho ya hizo sindano leo, zivuke siku yako ya kurudi, kwa sababu kuna nchi ambazo huzipati famasi hata ukiwa na hela.