Mfalme ana miaka 9, nchi anaiongoza nani?

Swali: Mhariri, hivi Edward VI alipopewa Uingereza 1547 akiwa mtoto, nani alikuwa anatoa amri kiukweli?

Jibu: Wakubwa, ndugu yangu, na hapo ndo shida ilipoanzia. Baba yake, Henry VIII, aliacha wosia wa baraza la watu 16 watawale pamoja hadi dogo afike 18, lakini siku chache tu baada ya Henry kufa, mjomba wa mtoto, Edward Seymour, akajipatia cheo cha Mlinzi wa ufalme, yaani mtawala kwa niaba ya mfalme mtoto, na mdogo wake Thomas akaona wivu akaanza kumpa mfalme hela za mfukoni kisirisiri ili amvute upande wake, akaishia kukatwa kichwa 1549, na kaka mtu akiwa ndo mtawala!

Mwaka huohuo maasi yakalipuka Devon, Cornwall na Norfolk. Seymour alipoona baraza linamgeuka akamchukua mfalme mpaka ngome ya Windsor, maana aliyemshika mtoto ndo ameshika serikali. Haikusaidia, aling'olewa, akauawa 1552. John Dudley, mwenzake wa baraza, alifuata, yeye mjanja zaidi, hata cheo cha Mlinzi hakukitaka. Edward akafariki 1553, ana 15 tu.