Mkuu, hiyo mbao usiikate! (Jibu kwa mwenye oda ya vibao 120 vya harusi Dodoma)

Weka chini hiyo mbao kwanza. Hata kama umeshachora majina, hata kama bibi harusi anakupigia kila asubuhi, iweke chini.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Umeuliza mambo manne: ununue skroli (ile mashine ya bledi nyembamba ya kutobolea herufi kwenye mbao) ya aina gani, bledi namba ngapi, upake vanishi ipi, na umtoze mteja shilingi ngapi kwa vibao 120 vya majina ya maharusi. Maswali mazuri. Ila katikati umepenyeza sentensi moja kama mtu anayetaja jambo dogo: paini umeshanunua, muuzaji kakwambia imekauka kabisa, na nyuma utaibandika plaiwudi kwa gundi ili isipinde. Na mzigo unakwenda Dodoma.

Mkuu, hiyo hadithi ni yangu. Umebakiza tu kusema ni mwezi wa nane.

Mwaka 2021 nilikuwa na miezi minne tu tangu ninunue skroli. Nilikuwa nimeshatengeneza vishikio vya funguo, fremu za picha, na ramani ya Tanzania ambayo Mafia ilinivunjikia nikasema ndio mtindo wa kisasa. Ndugu wakasifia. Sifa za ndugu ni hatari kuliko bledi. Ikaja oda ya vibao 90, kila kimoja shilingi 18,000, jumla 1,620,000. Advansi nikapewa milioni moja taslimu. Kibao chenyewe kilikuwa na kimo cha sentimita 20: jina la bwana harusi juu, "na" katikati, jina la bibi harusi chini, herufi zote zimetobolewa mpaka uone plaiwudi nyeusi niliyobandika nyuma. Kilipendeza, sitadanganya.

Mbao nilinunua kwa jamaa mmoja, simtaji, yeye anajijua. Alichomoa ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaniambia, "Sikia sauti hiyo, kavu kama mfupa." Nami nikainamisha sikio kama daktari, nikatikisa kichwa. Nilikuwa nasikia nini? Sijui mpaka leo. Mzigo ulikuwa umeshuka kwenye lori kutoka mashamba ya paini ya Mufindi juzi yake, maana hata kamba zilikuwa hazijaondolewa pembeni, na mimi nasimama pale kusikiliza muziki.

Dalili zilikuwepo, tena zilikuwa zinanitukana usoni. Unga wa mbao kavu ukiupuliza unaruka mpaka machoni. Wangu ulikuwa unajikusanya nyuma ya bledi kwenye mstari, laini na mzito, kama nazi iliyokunwa. Nikafurahi kwamba karakana haina vumbi! Upande wa chini wa kila herufi ulibaki na manyoya, nikipiga msasa yanalala, nikigeuza yanasimama tena. Na ubao ukiuweka shavuni ulikuwa wa baridi kuliko ukuta. Yote hayo niliyaona, nikayaita "tabia ya paini".

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo pesa yako inapokwenda kulala.

Mbao iliyotoka kupasuliwa, hasa paini, inaweza kubeba maji yenye uzito unaozidi wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Maji ya mwanzo yakitoka huoni kitu, mbao inapungua uzito tu. Maji yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu ndipo mbao inaanza kusinyaa, na haisinyai sawasawa. Kufuata urefu wa nyuzi za mbao, karibu haisogei kabisa. Kwa upana ndiko inakosinyaa. Kile kipande changu kilichobaki karakanani bila plaiwudi nilikuja kukipima baada ya wiki kadhaa: kilikuwa na upana wa milimita 200, kikawa 194. Milimita sita zimeondoka na upepo.

Plaiwudi nayo ni kitu kingine. Tabaka zake zimepishana, moja nyuzi zinakwenda hivi, inayofuata zinakwenda vile, kwa hiyo kila tabaka linamshika mwenzake asisogee. Haya, chukua mbao inayotaka kupungua milimita sita, ibandike kwa gundi kwenye kitu kisichotaka kupungua hata moja, halafu iondoe Dar ambako hata chumvi inalowa kwenye kopo, ipeleke Dodoma mwezi wa nane, ambako mvua ya mwisho watu wameshaisahau na midomo inapasuka bila mafuta. Unadhani itatokea nini? Mimi sikudhani kitu. Nilifunga kwenye maboksi, nikakabidhi basi, nikaenda kula pilau.

Nilituma Jumatatu, harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku ya nne simu ikaita. Shangazi wa bibi harusi. Hakusalimia. Akanitumia picha kwanza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, tulikuomba uwaunganishe. Mbona umewatenga?"

Nikafungua picha. Ufa umeanzia ukingo wa kushoto, umefuata nyuzi umenyooka kama reli, umepita katikati ya lile neno "na", ukatokea kulia. Bwana harusi kabaki juu, bibi harusi chini, na katikati unapitisha kadi ya simu. Sio kimoja. Vibao 61 kati ya 90 vilipasuka, vingi palepale kwenye "na", kwa sababu ndipo mbao ilipokuwa nyembamba na dhaifu. Vilivyobaki havikupasuka, vilibinuka kingo kama mtumbwi, ukiviweka mezani vinabembea. Ukoo mzima ukaanza kunong'ona kuhusu nuksi. Nasikia kuna bibi aliyetaka ndoa iahirishwe. Mimi fundi wa vishikio vya funguo nilikuwa nakaribia kuvunja uchumba wa watu.

Milioni yao nikairudisha, nusu nikakopa. Mbao, plaiwudi, gundi, vanishi na nauli ya maboksi, karibu laki nne na nusu, hizo nilizika. Kamati ikanunua vikombe vya chai. Kibao kimoja nilikiomba nirudishiwe, kimening'inia karakanani juu ya swichi ya skroli, ili kila ninapotaka kuwasha nikione.

Na muuza mbao nilimfuata. Akaniambia, "Kwani wewe hukuipeleka juani?" Yaani kavu kama mfupa, lakini nilitakiwa niipeleke juani. Huyo angalau alikuwa na biashara yake. Ninayemwekea kinyongo hasa ni yule mwalimu wa mtandaoni aliyeniuzia darasa la "zawadi za mbao kwa faida" kwa elfu hamsini. Somo la mbao lilikuwa dakika mbili: anika siku tatu juani, tayari. Siku tatu juani! Jua kali linakausha ngozi ya nje, ndani bado maji tele, ngozi inabana, moyo haujabanwa, mbao inapasuka kabla hujaigusa. Nilipomuuliza kwenye grupu, akanitoa. Nikabaki na cheti. Cheti kipo, kizuri, kina muhuri wa dhahabu.

Kuna mdau hapo juu amekutia moyo kwamba mbao ni mbao, mbona milango ya Mji Mkongwe Zanzibar imepigwa na hewa ya chumvi ya bahari zaidi ya miaka mia na bado imesimama. Ndiyo, mingi ni msaji (mtiki) na mbao nyingine ngumu zisizosinyaa sana, tena minene. Hakuna fundi wa mlango ule aliyebandika paini ya juzi kwenye plaiwudi. Tusiwasingizie wazee.

Sasa ninachokuomba ufanye. Kimoja tu. TAFUTA MIZANI.

Ile ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu, ya kupimia unga wa keki. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 10 kutoka katikati ya ubao, usikate mwishoni, maana ncha hukauka kwanza zikakudanganya. Kipime, andika gramu kwa penseli juu yake. Kiweke kwenye oveni, moto upite nyuzi joto 100 za Selsiasi kidogo tu, usikichome. Kila baada ya saa kadhaa kitoe, kipime, kirudishe. Siku uzito unapokataa kushuka, hiyo ni mbao tupu bila maji. Changu kilianza na gramu 308, kikaishia 225. Tofauti ni 83. Gawanya 83 kwa 225, unapata asilimia 37. Thelathini na saba, mkuu! Kavu kama mfupa wa samaki aliye baharini. Na keki ya kwanza mke wangu aliyooka baada ya hapo ilikuwa na harufu ya Mufindi, mteja wake akauliza ni ladha gani mpya.

Mbao iliyokaa vizuri kivulini hapa Dar itatulia kwenye asilimia 14 au 15 hivi za maji. Dodoma kiangazi itataka kushuka tena mpaka 10 au chini kidogo. Kwa hiyo hata ikikauka ya kwako, bado safari inaendelea. Ndiyo maana hiyo gundi ya nyuma iache kabisa. Ukilazimika kuweka mgongo, tumia skrubu mbili, na matobo yake kwenye plaiwudi uyarefushe kwa kufuata upana wa mbao, ili mbao itembee bila kuvunja chochote.

Hizo paini ulizonunua hazijaharibika. Zipange kivulini penye upepo, kati ya ubao na ubao weka vijiti vyenye unene sawa, ncha zote zipake rangi yoyote iliyobaki, maana maji hukimbilia nchani na ndiko nyufa huanzia, na juu weka matofali. Wazee husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Paini ni nyepesi, huwahi, lakini wewe usihesabu miezi, hesabu gramu. Chagua ubao mmoja, upime kila Jumapili, andika tarehe na uzito hapohapo kwenye mbao. Jumapili tatu zikitoa namba ileile, washa skroli.

Utasema harusi ni mwezi ujao. Basi oda hii ikate kwa plaiwudi peke yake, ya milimita 6, tabaka mbili ukitaka unene. Kabla hujalipa ichungulie ubavuni kama ina mapengo ndani, maana bledi ikikuta pengo herufi inang'oka kipande. Mwambie mteja ukweli kwamba si mbao nzima. Atanung'unika siku moja, wa kwangu wananung'unika mpaka leo.

Skroli nunua isiyohitaji bledi zenye pini nchani, kwa sababu pini inadai tobo kubwa la kupitishia bledi na ndani ya herufi ndogo kama "a" haipiti. Za mtumba kutoka Japani angalia kibati cha nyuma: ikiwa imeandikwa volti 100, ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma inaimba mara moja tu. Hilo nalo nalijua kwa uzoefu, tusiliongelee. Bledi namba 2 au 3 kwa plaiwudi ya milimita 6, namba 5 kwa mbao ya milimita 20, meno yaangalie chini. Kata matundu ya ndani kwanza, umbo la nje mwisho. Bandika utepe wa kufungia maboksi juu ya mchoro, bledi haitaunguza kingo. Na vaa barakoa, hasa siku ukigusa mvule.

Vanishi yoyote. Nasema yoyote kwa sababu najua unachowaza, nami niliwaza hivyohivyo: nikipaka mikono mitatu, maji hayatatoka. Yanatoka. Vanishi inayachelewesha tu, kwa hiyo ufa wako utafika siku ya harusi yenyewe badala ya wiki moja na zaidi kabla.

Leo usiku kata hicho kipande, usisubiri kesho. Weka hapa kwenye uzi gramu za mwanzo na gramu za mwisho, pamoja na picha ya mizani, nitakupigia hesabu mwenyewe. Na hiyo advansi usiiguse mpaka tuione hiyo namba. Naitwa huku, kuna mtu anaitaka mizani yake, ana keki ya saa kumi.