Viraka vya kwa fundi vinafaa blanketi la mtoto
Dada, vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi vinafaa sana! Mafundi wengi hapa Mwanza huvitupa, waombe tu. Ila vifue kwanza, vyekundu peke yake, maana pamba mpya husinyaa na kuchuja rangi. Kata miraba ya sentimita 12. Ukishona sentimita 1 kila upande inabaki 10. Miraba 120, yaani 10 kwa 12, inatoa mita 1 kwa 1.2, na kwa chini kipande kimoja cha khanga kinatosha. Katikati usiweke sponji, kwa joto hili mtoto ataloa jasho. Shuka kuukuu linatosha. Vitambaa vinavyovutika viache kabisa, hupindisha mshono. Na vifungo vya mapambo pia, kama bado anatia kila kitu mdomoni.